Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Timu ya Rwanda Yaweza Kutwaa Ubingwa wa Kikapu wa Afrika?

Mji wa Gisenyi umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ukipakana na Goma, na Nengo ni mmojawapo wa mitaa yake. Ni mji uliozoea soka. Uwanja wa Umuganda ndio nyumbani kwa Etincelles na Marine, na mchangani kando ya ziwa huchezwa mpira wa wavu. Mpira wa kikapu wa fahari una makao yake Kigali, safari ya kilomita zipatazo 150 za milima na kona, katika ukumbi wa viti 10,000 uliofunguliwa mwezi Agosti 2019. Hata hivyo, swali la iwapo timu ya Rwanda yaweza kuwa bingwa wa Afrika linauhusu mtaa wa Nengo kuliko wengi wanavyodhani.

Swali hili si la ushabiki mtupu. Ligi ya Kikapu ya Afrika, ijulikanayo kwa herufi BAL, iliundwa kwa ushirikiano wa ligi ya Marekani ya NBA na shirikisho la dunia la FIBA, nayo ni mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Kuingiza timu humo ni gharama: mishahara, kocha, tabibu, chakula na safari. Kwa askari na familia zao jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu timu iliyofika mbali zaidi kwa niaba ya Rwanda katika misimu mitano ya kwanza, APR, ni timu ya jeshi. Fedha ya timu yaweza kutumika kwa njia mbili: kumlipa mgeni hodari wa majuma machache, au kumlea kijana wa nyumbani kwa miaka kumi. Yafaa basi tujue ni ipi kati ya njia hizo huleta kombe.

MISIMU MITANO KWA UFUPI

Msimu wa kwanza ulichezwa Kigali mwezi Mei 2021, wakati wa masharti ya UVIKO-19. Patriots ya Rwanda ilifika nusu fainali, ikafungwa na US Monastir ya Tunisia, kisha ikamaliza ya nne. Bingwa alikuwa Zamalek ya Misri, iliyoifunga Monastir 76 kwa 63.

Mwaka 2022 zamu ilikuwa ya REG. Timu hiyo ilifanya vizuri sana katika kanda yake mjini Dakar, hata wengi wakaamini kwamba saa ya Rwanda imewadia. Lakini iliporejea nyumbani Kigali, ilitolewa katika robo fainali na FAP ya Kamerun, ambayo, kama jina lake la Kifaransa lisemavyo, ni timu ya majeshi na polisi. Monastir ndiyo iliyotwaa kombe mwaka ule, kwa kuishinda Petro de Luanda ya Angola 83 kwa 72. Mwaka 2023 REG ilifika tena robo fainali na kuishia hapo, na Al Ahly ya Misri ikawa bingwa mbele ya AS Douanes, timu ya forodha ya Senegal, kwa 80 kwa 65.

Ubingwa wa nchi wa mwaka 2023 uliipa APR tiketi ya msimu wa 2024. Timu ya jeshi ilikwenda Dakar, ikashinda michezo miwili na kupoteza minne, nayo ikabaki nje. Hivyo fainali za mwaka ule zilichezwa Kigali bila timu ya wenyeji. Petro de Luanda ilitawazwa.

Mwaka 2025 APR ilirudi ikiwa na nguvu mpya. Ilicheza Kanda ya Nile mjini Kigali kuanzia tarehe 17 hadi 25 Mei, pamoja na Al Ahli Tripoli ya Libya, MBB ya Afrika Kusini na Nairobi City Thunder, ambayo ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kufika hatua hiyo. APR ikavuka hadi Pretoria, ikaitoa Rivers Hoopers ya Nigeria katika robo fainali, ikasimamishwa na Al Ahli Tripoli katika nusu fainali, kisha ikaifunga Al Ittihad ya Misri 123 kwa 90 na kuchukua nafasi ya tatu. Haijapata kutokea timu ya Rwanda kupata matokeo mema kuliko hayo katika misimu hiyo mitano. Al Ahli Tripoli ikaimaliza Petro katika fainali, 88 kwa 67.

Katika orodha hii kuna jambo la kwanza la kutafakari. Fainali nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024, zilichezwa Kigali, lakini hakuna timu ya Rwanda iliyocheza hata moja kati ya hizo. Medali ilipatikana ugenini, Pretoria. Basi kelele za watazamaji wa nyumbani ni msaada, lakini si ngazi ya kupandia ubingwa.

HESABU YA DAKIKA 200

Mchezo wa kikapu kwa kanuni za FIBA una vipindi vinne vya dakika 10 kila kimoja. Wachezaji watano huwa uwanjani kwa kila upande. Tano mara 40 ni 200: hizo ndizo dakika za kazi ambazo kocha anapaswa kuzigawa katika kila mchezo.

Msimu wa kwanza wa BAL ulikuja na kanuni iliyotoa sura ya mashindano haya. Kila timu iliandikisha wachezaji 13. Tisa kati yao walipaswa kuwa raia wa nchi ya timu, na wageni hawakuruhusiwa kuzidi wanne, ambao kati yao wasiotoka Afrika hawakuruhusiwa kuzidi wawili.

Tuseme timu imepata wageni wanne hodari, na kila mmoja anacheza dakika 30. Hizo ni 120. Zinabaki dakika 80 ambazo lazima zichezwe na wenyeji, yaani sehemu mbili kwa tano za kazi yote. Hata kama wageni wote wanne wangecheza dakika zote 40 bila kupumzika, jambo ambalo mwili wa binadamu haukubali kwa michezo sita ndani ya siku tisa, bado mtu wa tano angekuwa mwenyeji. Tena mchezaji akifikisha faulo tano hutolewa. Mgeni mmoja akitoka kwa faulo mapema, hesabu ya wenyeji hupanda papo hapo.

Kila askari anaifahamu hali hii. Kikosi chaweza kuwa na wapiga shabaha wanne wasiokosa, lakini adui hatashambulia pale walipo hao wanne. Atatafuta pengo.

Ndivyo wafanyavyo makocha. Mchezaji mwenyeji asiyeweza kutupa mpira kikapuni kutoka mbali huachwa peke yake. Mlinzi wake humkimbia na kwenda kumsaidia mwenzake kumbana mgeni hodari, wakawa wawili kwa mmoja. Mgeni akipitisha mpira kwa mwenyeji aliyeachwa, na mwenyeji akakosa, watu husema mgeni hakucheza vizuri siku ile. Kumbe kasoro ilianza kwa yule ambaye hakuna aliyejishughulisha kumlinda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mchezo huu methali inafanya kazi pande zote mbili: mgeni naye haponi pasipo mwenyeji mwenye afya.

Ushahidi upo. Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya katika familia ya wakimbizi na baadaye kuichezea Sudan Kusini, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa BAL mwaka 2023, alipokuwa bingwa na Al Ahly. Huko alizungukwa na Wamisri waliokwisha zoea mashindano makubwa. Mwaka 2025 alivaa jezi ya APR na kupata nafasi ya tatu. Vivyo hivyo mwaka 2024 mchezaji bora wa msimu, Jo Lual-Acuil, hakutoka katika timu bingwa. Alikuwa wa Al Ahly ya Benghazi, iliyofungwa na Petro katika fainali 107 kwa 94.

WALIOSHINDA WALITOKA WAPI

Tazama nafasi za Petro de Luanda katika misimu hiyo mitano: ya tatu, ya pili, ya nne, ya kwanza, ya pili. Haikukosa nusu fainali hata mara moja. Mwaka ilipotwaa kombe, ilikuwa bado na Carlos Morais, mkongwe wa timu ya taifa ya Angola, aliyekuwa na umri wa miaka 38. Monastir nayo ilipoteza fainali ya 2021, ikarudi mwaka uliofuata na kushinda, na nahodha wake Radhouane Slimane alikuwa na miaka 41. Wazee hawa hawakuwekwa kwenye kikosi kwa ajili ya heshima. Walikuwa ndio kumbukumbu ya timu. Waliwahi kushindwa pamoja na wenzao, na walijua nini cha kufanya katika dakika tano za mwisho.

Mfano unaowafaa zaidi wasomaji wa jeshi ni wa zamani kuliko BAL. Primeiro de Agosto ya Luanda, iliyoundwa mwaka 1977 na kupewa jina la siku ya majeshi ya Angola, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara tisa kati ya 2002 na 2019. Hii ni timu ya jeshi, kutoka nchi iliyopitia vita vya miaka mingi. Nguvu yake kwa sehemu kubwa ilikuwa Waangola wenyewe, na wengi wao ndio walioifanya timu ya taifa kuwa bingwa wa Afrika mara 11 kati ya 1989 na 2013. Mwaka 2025 Angola ilipata taji la 12, nyumbani Luanda, kwa kuifunga Mali. Jean-Jacques Conceição, mmoja wa wachezaji wake wa kale, amewekwa katika jumba la heshima la FIBA. Hawa hawakununuliwa sokoni. Walilelewa, wakakomaa, wakawarithisha wadogo zao.

Rwanda, kwa upande wake, ilipeleka timu tatu tofauti katika misimu mitano: Patriots, REG, kisha APR. Hilo si kosa la mtu. Tiketi humfuata bingwa wa nchi, na ushindani wa nyumbani ni dalili ya uhai. Lakini lina gharama yake. Mafunzo yaliyopatikana kwa machozi mwaka 2021 yalibaki Patriots, na ya 2022 yalibaki REG. APR ilipoingia mwaka 2024 ilianza darasa la kwanza.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Haki yataka hoja ya wapinzani isikilizwe. Watasema: Al Ahli Tripoli ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2025 na ikatwaa kombe. Haikungoja miaka mitano. Al Ahly ya Misri nayo ilishinda katika msimu wake wa kwanza. Kwa nini basi Rwanda isifungue mkoba na kuwaita wageni bora zaidi?

Hoja hii ina nguvu, na APR yenyewe ni shahidi. Kutoka kubaki nje mwaka 2024 hadi nafasi ya tatu mwaka 2025 ni hatua kubwa, na wageni kama Omot, Obadiah Noel na Aliou Diarra wa Mali walikuwa na sehemu kubwa katika hatua hiyo. Mtu asiwabeze.

Lakini mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, Al Ahly ya Misri haikuwa ngeni katika mchezo. Ilikuwa ngeni katika mashindano tu, na nyuma yake kulikuwa na nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 na historia ndefu ya kikapu. Pili, mkoba ni silaha ambayo kila mwenye fedha anaweza kuishika. Anayetegemea kununua peke yake hushinda mwaka ambao hakuna aliyetoa zaidi yake. Kwa nchi kama Rwanda, yenye watu wapatao milioni 13 kwa sensa ya mwaka 2022, kushindana kwa mkoba na Cairo, Tripoli na Luanda kila mwaka ni vita isiyo na mwisho. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akiitaka, unabaki ulivyokuwa.

APR YA 2025 KATIKA MIZANI

Basi hukumu ni ipi? APR ya mwaka 2025 ilikuwa timu ya kuwania ubingwa. Timu inayofika nusu fainali na kusimamishwa na yule aliyekuja kuwa bingwa haina sababu ya kuona haya. Pointi 123 katika mchezo wa mwisho zaonyesha kwamba wafungaji haikuwakosa, ingawa yafaa ieleweke kwamba mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu mara nyingi huchezwa bila ulinzi mkali, kwa kuwa pande zote mbili zimekwisha poteza kile zilichokitaka.

Ila kuwania ni jambo moja na kutwaa ni jingine. Kati ya nafasi ya tatu na ya kwanza kuna zile dakika 80. Timu ya Rwanda itakayozijaza kwa wenyeji ambao mpinzani hathubutu kuwaacha peke yao, na ambao wamekaa pamoja misimu mitatu au minne, hiyo ndiyo itakayotwaa. Iwe ni APR, iwe ni nyingine.

Msomaji anayetaka kuipima timu yoyote ya Rwanda kabla ya mashindano asianze kwa kuhesabu majina makubwa yaliyoshuka uwanja wa ndege. Ajiulize maswali matatu. Mtu wa tano uwanjani ni nani, na je, anaweza kufunga akiachwa wazi? Ni wangapi kati ya walioshindwa mwaka jana wamerudi mwaka huu? Na dakika tano za mwisho, mpira unashikwa na nani? Majibu ya maswali hayo yatamwambia mengi kuliko matangazo ya magazeti, pamoja na hili alishikalo mkononi.

KAZI ILIYOKO NENGO

Wavuvi wa Gisenyi huvua sambaza usiku kwa taa. Samaki huyo mdogo, ambaye leo ni kitoweo cha nyumba nyingi kandokando ya ziwa, si wa asili ya Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa mgeni, lakini alizaliana, na ndiyo maana bado yupo. Mchezaji wa kulipwa anayefika mwezi Mei na kuondoka mwezi Juni hazaliani. Faida yake ya kudumu ni ile tu anayoiacha kwa vijana waliofanya mazoezi naye: namna ya kusimama, namna ya kuzungumza wakati wa ulinzi, namna ya kulala mapema kabla ya mchezo. Kocha mwenye busara huwaweka wageni na wenyeji kambini pamoja mapema, badala ya kuwakutanisha siku chache kabla ya firimbi.

Na huyo kijana lazima atoke mahali. Yamkini anatoka Nengo, au katika makazi ya askari, au nyuma ya kituo cha polisi. Kinachotakiwa mwanzoni si kikubwa. Kikapu cha watu wazima hukaa mita 3.05 kutoka ardhini, lakini kwa watoto wasiozidi miaka 12 hushushwa hadi mita 2.60, na hutumia mpira mdogo wa namba 5. Nguzo moja, ubao wa mbao ngumu, pete ya chuma na sakafu ya saruji iliyosawazishwa zatosha kuwashughulisha watoto 20 jioni nzima. Mtoto anayefunzwa kwa kikapu kirefu mno na mpira mzito mno hujifunza kutupa kwa kubenua mwili mzima, na kosa hilo hukua naye.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kutupa mipira huru kutoka mstari ulio mita 4.60 mbele ya ubao hakuhitaji urefu wala mwenzi. Kunahitaji kurudia kila siku. Chakula cha mchezaji anayekua kipo jikoni tayari: maharage, viazi, ugali, mboga za majani, na hao sambaza wenyewe. Usingizi na shule visiguswe, kwa maana mchezo huu huwataka watu wanaoweza kusikiliza maelekezo ya kocha kwa nusu dakika na kuyatekeleza palepale. Wasichana wasisahauliwe pia. Mwaka 2023 timu ya taifa ya wanawake ya Rwanda ilifika nusu fainali ya Afrika mjini Kigali.

Wakuu wa kambi na viongozi wa mitaa, kabla hawajauliza ni lini kombe litakuja, wahesabu kwanza vikapu vilivyo katika maeneo yao, na ni vingapi kati ya hivyo bado vina pete. Mtoto wa miaka 10 aliyeanza mwaka 2025 atakuwa na miaka 20 mwaka 2035. Dakika 80 za mwaka huo zinaanza kutafutwa sasa.